Kamera ya Jikoni Ilikuwa Ikimtazama Nani?

"Imegeuka tena," Paskazia alisema kwenye simu.

"Ipi?"

"Ya jikoni. Naiona kutoka hapa mlangoni."

"Hiyo haiwezi kugeuka. Mota yake imekufa. Nilikwambia zamani."

"Basi maiti imegeuza shingo, Donatus."

Donatus akacheka. Simu ikakatwa.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka tisini na nane, pale Maganzo, kwenye yadi ya Mama Hemal. Simu yenyewe ilikuwa ya ndani, ya kuunganisha jiko na ofisi tu. Vibarua walichekecha mchanga wa almasi tangu asubuhi, na wasichana watatu wakauchambua mezani chini ya paa la bati. Mama Hemal, mjane ambaye jina lake hasa ni Bhagwati, alikuwa amechoka kuibiwa. Ndipo mwanawe Hemal akamtumia kamera mbili kutoka Nairobi, za kugeuzwa kwa mbali. Mtu anakaa ofisini mbele ya televisheni ndogo, anabonyeza namba ya kamera anayoitaka, anasukuma kijiti kushoto au kulia, na kule nje kamera inageuza shingo.

Aliyezifunga ni Donatus, fundi umeme wa Shinyanga mjini. Namba moja aliiweka kwenye nguzo, itazame meza ya kuchambulia. Namba mbili akaitundika kwenye ukuta wa nje wa jiko, itazame stoo ya dizeli iliyo jirani. Ya mezani ilitii. Ya jikoni ilileta picha safi lakini ukiiambia igeuke, haisikii. Donatus akaamua mota imekufa, wakaagiza nyingine, na Mama Hemal akambakiza fundi huyo aziendeshe.

Jambo ambalo Mama Hemal hakulijua ni kwamba Paskazia, mmoja wa wale wachambuaji watatu, alikuwa mchumba wa Donatus. Posa ilikwenda kwao Kishapu tangu mwezi wa kwanza, na baba yake, Mzee Mayala, aliipokea. Harusi ilisubiri pamba ivunwe. Lakini pale yadini walisalimiana kama watu wasiojuana, kwa sababu Mama Hemal angesema nini akisikia mtazama almasi na mshika almasi wamechumbiana? Angewafukuza wote wawili siku hiyo hiyo, na jina la wizi lingewafuata mpaka mgodini Mwadui.

Jioni ile walikutana barabarani, mbali na geti, kama kawaida yao.

"Umenikatia simu," Donatus alisema.

"Kila siku saa sita nikija kula, naikuta imemkazia Philomena. Asubuhi inatazama stoo. Mchana inamtazama Philomena anavyopakua mlangoni. Tukirudi kazini, inarudi stoo. Kamera iliyokufa inajuaje saa ya chakula?"

"Hata mimi nashangaa. Nikibonyeza namba mbili wakati mwingine nakuta picha ya mlango wa jiko badala ya stoo. Najaribu kuirudisha, inakataa. Nilidhani Philomena anaisukuma na ufagio."

"Ndiyo maana ulikwenda jikoni Jumanne?"

"Nilikwenda kumuuliza."

"Dakika ngapi?"

"Paskazia."

"Nimeuliza tu. Maana ulitoka na viazi vitamu kwenye gazeti."

Viazi alipewa, na alivila.

Kesho yake Paskazia alichelewa kula kusudi. Akamkuta Philomena peke yake, anasugua sufuria. Philomena alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, aliyeachwa na mume Kahama. Siku hizo alikuwa anafunga kilemba kipya, cha rangi ya machungwa.

"Mdogo wangu, kaa," alisema. "Nina jambo, sina wa kumwambia. Yule fundi wa ofisini ana mtu?"

Paskazia alishika bakuli lake kwa mikono miwili.

"Kwa nini unauliza?"

"Ananitazama. Usinicheke. Hiyo kamera hapo, kila mchana inanigeukia. Nikiwa napakua iko na mimi, mpaka nyie mkiondoka. Halafu juzi akaja mwenyewe, eti, 'Dada, kamera unaigusa?' Nikamwambia sijaigusa. Akasimama, hana la kusema. Mwanaume anayekuja na swali kama hilo ana lingine moyoni."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimempa viazi." Philomena akainamisha uso kwenye sufuria. "Mimi sijatazamwa na mtu miaka minne. Kwa hiyo naomba unisaidie kumuulizia. Ninyi wachambuaji mnasikia mambo."

Paskazia alisema atauliza. Bakuli aliliacha limejaa. Alipotoka alitazama juu, na ile kamera ilikuwa kimya, jicho lake jeusi limeuelekea mlango wa jiko. Alipofika mezani kwake na kukaa, akageuka tena kuangalia. Ilikuwa imesharudi stoo.

Usiku hakulala. Alimjua Donatus miaka miwili na hakuwahi kumshika na uongo. Lakini macho yake mwenyewe nayo hayakuwahi kumdanganya. Kipi akiamini?

Asubuhi kijana wa kusambaza chai alimpelekea Donatus karatasi iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa hivi:

*Donatus, sikulaumu kwa kupenda kwingine, nakulaumu kwa kusema mota imekufa. Mwambie mjomba wako aende Kishapu akaongee na baba. Posa irudi. Mimi P.*

Donatus aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Alikuwa na hakika kwamba ile kamera haigeuki, kwa sababu kila asubuhi aliijaribu na kila asubuhi ilimkatalia. Sasa mtu anaachwa na mchumba wake kwa kosa la mashine mbovu?

Mama Hemal aliingia ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona rangi imekutoka?"

"Kichwa, mama. Naomba ukae hapa kidogo, nikaangalie kamera ya jikoni."

"Si umesema tunasubiri mota?"

"Nataka kuiona kwa macho yangu."

Mama Hemal akakaa mbele ya televisheni na kukishika kijiti, jambo ambalo alilipenda kuliko alivyokiri. Donatus akabeba ngazi. Alipokuwa anaiegemeza ukutani Paskazia akatokea. Alikuwa ameacha meza yake, aproni bado kiunoni.

"Umepata barua?"

"Nimepata. Siielewi."

"Ni Kiswahili."

"Paskazia, mimi na Philomena hakuna kitu. Naapa kwa mama yangu aliyeko Kolandoto."

"Usimwapie mama yako. Niambie ukweli tu, nitaondoka. Mimi sipigani na mwanamke mwenzangu kwa sababu ya kutazamwa."

Philomena alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Alisikia. Akawatazama mmoja mmoja.

"Kwani ninyi ni nini?" aliuliza taratibu.

Kabla hawajajibu, juu ya vichwa vyao palisikika mlio mdogo, kama wa mende anayetembea kwenye bati. Kamera ya jikoni iliacha stoo, ikageuka polepole kulia, ikapita juu ya ngazi, ikasimama kwenye uso wa Philomena.

Paskazia aliitazama kamera, kisha akatazama mikono ya Donatus. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ngazi.

"Nani yuko ofisini?"

"Mama Hemal," Donatus alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Aliingia jikoni, akanyanyua simu. Wanawake wawili wakamfuata.

"Mama, unageuza kamera ipi?"

"Namba moja," sauti ya Mama Hemal ilisikika mpaka nje ya mkono wa simu. "Naangalia meza. Mbona Paskazia hayupo mezani?"

"Ya jikoni hujaigusa?"

"Ya nini, na imekufa?"

"Basi hiyo hiyo namba moja, mama, igeuze kushoto."

Paskazia alichungulia nje. "Inakwenda kushoto," alisema.

"Sasa kulia."

"Inarudi kulia."

Donatus aliuweka mkono wa simu juu ya meza ya kukatia mboga, akakimbilia ngazi. Alifungua kifuniko cha kamera kwa bisibisi. Ndani, nyuma ya kioo, mlikuwa na safu ya swichi ndogo kama meno ya mtoto, zile za kuipa kamera namba yake. Zilikuwa vile vile zilivyotoka kiwandani.

"Hii nayo ni namba moja," alisema akiwa juu. "Zote zinatoka kiwandani zikiitwa namba moja, fundi ndiye anayebadilisha. Siku nilipoifunga jenereta lilizima, nikaitwa, niliporudi nikafunga kifuniko tu. Waya wa amri ni mmoja kwa zote mbili. Kwa hiyo nikiita namba moja zinaitika zote. Nikiita namba mbili haiitiki yoyote. Picha kila moja ina waya wake, ndiyo maana sikugundua. Nilikuwa natazama moja, nageuza mbili."

Alishuka. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Paskazia hakutabasamu.

"Kwa hiyo kila ilipogeuka hii, ulikuwa unageuza ile ya mezani kwetu."

"Ndiyo."

"Saa sita mchana mezani hakuna mtu. Tumekuja kula. Ulikuwa unageuza kulia kutazama nini?"

Tabasamu likamtoka.

"Donatus, nakuuliza."

"Nilikuwa nakutazama wewe," alisema. "Ukiinuka mezani naigeuza nikufuate mpaka kona ya jiko. Ukipotea pale naiacha hapo hapo, nikusubiri utoke. Hapa yadini siwezi hata kukusalimia vizuri. Nikaona angalau hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Sufuria lilikuwa linachemka, hakuna aliyeligusa. Ndipo kutoka mezani, katikati ya nyanya, sauti ndogo ya Mama Hemal ikasema:

"Simu iko wazi. Njooni ofisini."

Waliingia wawili. Mama Hemal hakuwaambia wakae.

"Mna uhusiano gani?"

"Ni mchumba wangu, mama," Donatus alisema. "Posa ilipokelewa mwezi wa kwanza."

"Ninampa mtu kazi ya kutazama meza, na mkewe mtarajiwa ndiye anakaa kwenye meza. Kila mtu Maganzo atanicheka. Ninajuaje hamjanimaliza?"

"Paskazia hajachukua hata punje. Nimemtazama miezi mitatu."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," Mama Hemal alisema.

Paskazia akasogea mbele. "Mama, naomba nipekuliwe. Leo, kesho, siku yoyote. Na chumba changu pia."

Mama Hemal alimjua msichana huyu. Ndiye aliyewahi kumfuata mpaka nyumbani na jiwe dogo aliloliokota chini ya meza baada ya kazi.

"Wewe rudi kazini. Fundi, maliza kamera yangu, nifundishe kuziendesha mwenyewe, halafu ondoka. Si kwa wizi. Kwa kunificha."

"Nimekubali, mama."

Donatus aliipa kamera ya jikoni namba yake siku ile ile. Kulikuwa na swichi moja tu ya kushusha na moja ya kupandisha. Kisha akasimama mlangoni pa jiko, kwa sababu Paskazia alikuwa amemwambia neno moja tu: "Kamwambie mwenyewe, usimwachie kusikia kwa watu."

"Dada Philomena, nimekukosea."

"Hukunikosea. Hukuwa unanitazama mimi." Philomena alikuwa anakata vitunguu, na hakuna aliyeweza kusema machozi yale yalikuwa ya nini. "Nilinunua kilemba. Nilifika mahali nikisonga ugali nasonga vizuri, maana naonekana. Nenda tu, kaka. Funga mlango, moshi unatoka."

Watu watadhani Paskazia alimrukia mchumba wake shingoni. Hakufanya hivyo. Jioni, barabarani, alisimama mbali naye.

"Sasa najua hukuwa na Philomena," alisema. "Lakini sijui nifurahi au nikasirike. Miezi mitatu nimetembea pale nikidhani niko peke yangu. Nimejikuna, nimejifuta jasho kwenye kanga, nimelia siku niliposikia shangazi amefariki. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekwambia, ungejua nakutazama."

"Ndiyo, Donatus. Ningejua."

Akamwacha pale.

Donatus alirudi Shinyanga, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Hakupeleka mjomba Kishapu. Aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Wiki ya tano mwenye duka jirani akamwita: kuna simu yake, kutoka Maganzo.

"Baba anauliza kama harusi iko pale pale," Paskazia alisema.

"Wewe umemwambiaje?"

"Sijamwambia. Nataka kukuuliza kwanza. Huko kwenye televisheni yako, ulikuwa unaona nini?"

Donatus alifikiri. Mwenye duka alijifanya anapanga sabuni.

"Nilikuwa naona unatembea na midomo inacheza. Kila siku, ukitoka mezani. Ile kamera haina sauti. Sikujua unaimba au unasali. Nilitamani kukuuliza, nikashindwa, maana ningejitaja."



"Nilikuwa nahesabu siku," Paskazia alisema. "Zilizobaki mpaka pamba ivunwe."

"Umeacha?"

"Niliacha. Jana nimeanza tena, nikakuta nimepotea hesabu."

"Ni sitini na mbili," Donatus alisema.

"Basi uje Jumapili. Uje mchana, upitie getini, unisalimie mbele za watu."

Alikwenda. Walifunga ndoa Kishapu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Mama Hemal alikuja na pikapu yake na kukaa kiti cha mbele. Philomena hakuja. Alituma sufuria lake kubwa la kupikia wageni, na Jumatatu Paskazia alilisugua mwenyewe, akalibeba mpaka Maganzo, akaingia jikoni, wakakaa wawili mpaka vibarua wakaanza kuuliza chakula.