Sauti Isiyovuta Pumzi

Bi Raiye alifunga mdomo, na sauti yake ikaendelea kuimba.

Ukumbi mzima haukuona. Wanawake wa harusi walikuwa wamesimama wakipepea vitambaa, na bibi mmoja mwenye dera la zari alikuwa amepanda jukwaani kumtunza mwimbaji, akimmwagia marashi mabegani. Maroboti ya kugawa chakula yalipita kati ya meza yakibeba sinia za biriani. Sauti ikapanda juu, nyororo, bila kukwaruza popote: "Pendo langu lina haya, silianiki uani." Aliyeona ni Zuwena peke yake, mpiga kodiani, kwa kuwa alikuwa nyuma yake upande wa kushoto, mahali alipozoea kusimama tangu wote wawili wangali wasichana. Aliona midomo imebana. Aliona pia kwamba Bi Raiye hakumkumbatia yule bibi wa marashi kwa furaha. Alimshikilia ili yeye mwenyewe asianguke.

Mikononi mwa Zuwena ilikuwamo kodiani ya mwanga, fahari ya Tanga mwaka ule. Ilikuwa vishikio viwili tu, vyepesi kama sahani za plastiki, na katikati, pale ambapo kodiani ya zamani ina mivukuto ya kukunja na kukunjua, palikuwa na nyuzi za mwanga. Mpigaji akitanua mikono, mashine ilizisoma nyuzi hizo na kutoa mlio. Hapakuwa na upepo wa kuingia wala wa kutoka. Haikuota ukungu wakati wa masika, haikuumiza bega, wala haikutaka fundi wa kuzipiga msasa ndimi za chuma za kutoa mlio. Ndani yake mhandisi Shekue, kijana aliyeibuni, alikuwa ametia kifaa alichokiita kizibapengo. Kilimsikiliza mwimbaji, na pale alipopungukiwa, kilijaza kwa sauti ya mwimbaji huyohuyo iliyohifadhiwa kutoka nyimbo zake za nyuma. Shekue aliwaambia wanakikundi kwamba kitaziba vipengo vidogo vidogo, kikohozi, au mahali sauti ilipoteleza.

Vipengo vidogo gani hivi, alijiuliza Zuwena. Hapa hakuna jino hata moja.

Wimbo ulipokwisha, pazia likashushwa kwa mapumziko. Bi Raiye akaingia chumba cha kubadilishia nguo bila kusema na mtu. Zuwena akamwendea Shekue, aliyekuwa ameketi mbele ya mitambo yake nyuma ya jukwaa.

"Kizibapengo chako kimeimba kiasi gani leo?"

"Shikamoo, mama. Naona shughuli imekwenda vizuri."

"Sikuja kuamkiwa. Nimekuuliza."

Shekue akainamia kioo chake. "Mwenye ruhusa ya kujua hilo ni mwimbaji mwenyewe."

"Kwa hiyo lipo la kujua."

Kijana akakifunika kioo kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchefua Zuwena zaidi, maana mtu mbaya angalau utamtukana, roho yako itulie. "Alinifuata mwenyewe tangu Ramadhani," alisema kwa upole. "Aliniomba nikifungue kifaa chote, kijaze popote atakapopungukiwa. Alisema ni uchovu tu. Mimi nimtilie shaka mtu mzima?"

"Na ulipoona kila shughuli anaimba kidogo kuliko iliyopita, ukafanya nini?"

"Nikakiboresha."

Zuwena akaibwaga kodiani ya mwanga juu ya meza. Haikutoa hata mlio wa kulalamika, na hilo nalo likamtia hasira.

Chumbani alimkuta Bi Raiye ameketi, mtandio umemwanguka, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepandisha ngazi nyingi. Pembeni lilikuwapo sanduku la kodiani ya zamani. Zuwena hakuacha kulibeba kwenye kila shughuli, ingawa wenzake walimcheka na kumuuliza kama amebeba jeneza.

"Ulifunga mdomo," alisema. "Na usinifanye mtoto."

Bi Raiye akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Nilijua utaona wewe."

"Ni nini?"

"Mapafu. Daktari anataka kuniotesha mengine. Wanachukua chembe zangu, wanazikuza kwenye mtungi, halafu wananipandikiza. Anasema nikichelewa, moyo nao utachoka, na hapo hatakuwa na la kufanya." Akavuta pumzi. "Lakini nitanyamaza mwaka mzima, na sauti itakayorudi hawaijui. Kikundi hakimngojei mtu mwaka, Zuwena. Watatafuta mwingine."

"Ndiyo maana ukawa wa kwanza kushikilia tununue huu upuuzi."

"Ndiyo maana. Kodiani yako ingetoboa siri yangu. Wewe unafungua mivukuto mimi ninapovuta pumzi. Ningepungukiwa siku moja tu, mkono wako ungejua."

Zuwena alitamani kumzaba kofi. Miezi yote hiyo alikuwa ametanua mikono hewani mbele ya nyuzi za taa, huku shoga yake akizama hatua mbili mbele yake, na hakusikia kitu. Akafungua sanduku, akavaa mikanda ya kodiani mabegani.

"Imba."

"Zuwena, mdogo wangu."

"Imba, nimesema."

Mivukuto ikafunguka. "Pendo langu," akaimba Bi Raiye, na pumzi ikamwishia. Mivukuto ikasimama upana wa kiganja. "Lina," akasema, akasimama tena. Akamwashiria kwa kidole ajaze, ampe mahali pa kujificha, kama walivyosaidiana maisha yao yote. Zuwena hakujaza. Akaacha kimya kikae pale wote wawili wakisikie.

"Una roho mbaya," alisema Bi Raiye.

"Ninayo."

Hapo vigelegele vikalipuka ukumbini, na kupitia ukutani ikaja sauti: "Pendo langu lina haya, silianiki uani." Mshereheshaji alikuwa ametangaza kwamba Bi Raiye anawaimbia akiwa nyuma ya pazia. Shekue hakutaka wageni wangoje.

Wakasikiliza ubeti wa kwanza, ukaja wa pili. Hakuna aliyekuja kumwita mwimbaji. Zuwena alikwisha kumwona Bi Raiye akizika mume, lakini uso ule hakuwahi kuuona.

"Hawakubisha hata hodi," alisema Bi Raiye.

"Hawakubisha."

"Nimejiua taratibu wasipate mwingine. Kumbe wamekwisha kumpata, na ni mimi." Akainuka, akashika ukuta. "Nipe mtandio wangu. Unipeleke hospitali sasa hivi. Na huyo kijana umwambie sauti yangu aitoe humo, yote, asibakishe hata kikohozi."

Wakapitia jikoni, ambako wapishi walikuwa wakipakua biriani. Mpishi mmoja alimtazama Bi Raiye, akageuka kuusikiliza wimbo unaotoka ukumbini, akamtazama tena mdomoni. Upawa ukamning'inia mkononi na hakuna aliyemweleza kitu.

Nje, gari lisilo na dereva lilikuwa likisubiri upande wa pili wa ua. Bi Raiye akaegemea fremu ya mlango kupumzika. Ndani, sauti yake ilikuwa imeshikilia kilele cha ubeti, haikatiki, na wanawake wanashangilia.

"Haina adabu," alisema. "Haipumui hata mara moja."

Akaanza kuvuka ua. Zuwena alikuwa bado amevaa kodiani, hakukumbuka hata kufunga kifungo cha mivukuto, na kila alipopiga hatua mivukuto ilivuta upepo kidogo na kuuachia. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka mivukuto ikavuta pale Bi Raiye alipovuta pumzi.