Saa Kumi na Moja Kasoro Dakika Nane

Mimi nilitaka matairi manne. Manne tu, ya theluji, yafungwe kwenye gari tulilokuwa nalo, mambo yaishe. Hadi leo nikikumbuka nilivyoyaomba yale matairi, damu inanichemka.

"Gari langu nilipitishe kwenye chumvi?" mume wangu Arvid aliniuliza, utadhani nimemwambia amchinje mama yake. "Hiyo chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji italila mpaka mifupa, Sylvi. Tununue mkweche wa kupitishia baridi. Ukioza, uoze wenyewe."

Gari lake lilikuwa la bluu. Alilinunua baada ya kushinda fedha kwenye mchezo wa kubahatisha wa ziwani, Aprili iliyopita. Akalifunika shuka, tena shuka langu la harusi, jamani! Akalifungia bandani. Kisha akaniletea mimi mkweche.

Ulikuwa umepakwa rangi ya kahawia kwa brashi, mpaka kwenye mipira ya madirisha. Fundi aliyemuuzia ndiye aliyeutia injini nyingine, lakini hakutaka hata kukaa ndani yake.

"Lina matairi ya theluji tayari," Arvid akajisifu. "Yenye misumari! Unaona mumeo anavyojua kununua?"

"Mbona linanuka?"

"Linanuka nini?"

"Matope ya ziwani."

"Ulitaka linuke waridi?"

Saa ya dashibodi ilikuwa imesimama. Saa kumi na moja kasoro dakika nane. Na nyuma, chini ya bampa, palikuwa na kipande cha kamba kilichofungwa kwa fundo gumu.

Napika katika shule ya mji wetu. Kila jioni nikitoka jikoni napitia kwa mama yangu, ng'ambo ya ziwa, kumchukua binti yangu Kaisa, wa miaka saba. Jumatatu ile tulikuwa tunarudi kwa barabara ya ufukweni, mwanga unaanza kufifia, wakati hita ilipoacha kutoa joto. Ikaanza kupuliza baridi. Baridi yenye harufu ileile...

"Mama," Kaisa akasema kutoka kiti cha nyuma. "Soksi zangu zimelowa."

"Umekanyaga theluji huko, halafu unanilalamikia mimi."

"Sikukanyaga. Maji yako huku chini."

Nikatazama saa ya mkononi. Saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Tulipofika nyumbani sakafu ya gari ilikuwa kavu. Ila kwenye mkeka niliokota jani refu, la kijani, linaloteleza. Ni yale majani yanayoota chini kabisa ya ziwa. Na ziwa lilikuwa limefungwa na barafu tangu Novemba.

Arvid alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Theluji ikiyeyuka inakuwa maji, mama Kaisa. Hilo nalo hukufundishwa?"

Nikamwekea jani mezani.

Kicheko kikaisha. Alilichukua kwa ncha za vidole, akalitupa kwenye jiko la kuni.

"Ikate hiyo kamba," akasema, bila kunitazama. "Ikate, basi."

Sikuwa nimemtajia kamba.

Niliikata kwa kisu cha nyama. Kesho yake ilikuwa palepale, fundo lilelile, inachuruzika maji katika baridi ya kugandisha mate. Nikamwambia Arvid silipandi tena lile gari, anipe la bluu. Akasema la bluu halitoki mpaka theluji iishe, na kama sitaki, nitembee. Na mimi, mpumbavu, nikapanda.

Alhamisi. Theluji inaanguka, Kaisa nyuma anaimba nyimbo za shule. Tulipofika kwenye mteremko wa kushushia mashua, usukani ukajipinda mkononi mwangu.

Nikaukamata. Haukukamatika.

Nikakanyaga breki. Zikazama hadi chini, kama nimekanyaga uji.

Tukateremka. Tukaingia kwenye barafu. Nilikuwa naomba gari liteleze, lizunguke, ligonge hata kibanda cha mvuvi! Wapi. Matairi yale yalishika barafu vizuri mno, misumari inakwaruza... kwaru, kwaru, kwaru... mpaka katikati ya ziwa. Likazima. Milango ikajifunga, mmoja mmoja.

Kimya.

Kisha maji.

Hayakuwa yanatoka popote. Barafu chini yetu ilikuwa nzima, lakini maji yalinipanda vifundoni, yakafika magotini. Kaisa alikuwa amesimama juu ya kiti analia. Nikapiga kioo kwa viwiko mpaka vikachubuka. Ndipo nikasikia mtu mwingine anapiga kioo. Polepole. Kwa ndani. Kwenye kiti cha pembeni yangu.

Sikugeuka. Niliona mkono tu, mweupe, na kucha zimevunjika.

"Walikuwa wananiona," sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"Nani?"

"Wote. Wamesimama ufukweni. Niliwapungia... wakacheka." Maji yalikuwa kiunoni. "Yuko wapi aliyeshinda?"

Watu hudhani katika hofu utaomba. Mimi nilipandwa na hasira. "Sijui aliyeshinda!" nikafoka. "Huyu ni mtoto! Hajakuona, hajakucheka, hajacheza mchezo wa mtu! Mwachie mtoto wangu!"

Mkono ukatulia kwenye kioo.

Tak. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Nilimbeba Kaisa hadi nyumbani. Nguo zetu zilikuwa kavu, soksi zake tu ndizo zilizoganda mguuni. Nikamlaza karibu na jiko, nikaenda bandani. Juu ya gari la bluu, Arvid alikuwa ametundika tiketi yake ya ushindi ndani ya fremu ya kioo. Nilikuwa nimeipita mara mia sijaisoma. Aprili kumi na saba. Saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Mchezo wenyewe kila mtu huku kwetu anaujua. Majira ya baridi wanaweka gari bovu katikati ya ziwa, lisilo na injini, wanalifunga kamba mpaka kwenye saa iliyo ufukweni. Barafu ikilainika gari linazama, kamba inavutika, saa inasimama. Aliyebahatisha wakati ule anachukua kitita. Na kuanzia Machi hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Likiguswa, mchezo umevunjika.

"Alikuwa nani?" nikamuuliza Arvid.

Alikaa chini sakafuni. "Hatukumjua. Mpita njia. Labda alijikinga mvua humo, akalala... Tulimwona anapunga mkono. Tukadhani ni mlevi anatufanyia mzaha."

"Hakuna aliyemfuata?"

"Kijana mmoja alitaka kwenda. Nikamwambia aache. Kanuni ni kanuni. Zilibaki dakika chache tu, Sylvi! Na walipolivuta baadaye hapakuwa na mtu ndani. Hapakuwa na mtu!"

"Na ulipoona lile jani ulijua ni gari lipi. Ukanipandisha na mwanangu."

Ningempiga, ila mikono ilikuwa inauma.

Kesho yake alasiri akaniomba funguo. Alitaka kuuondoa mkweche kule ziwani kabla watu hawajautambua. Nikampa. Ningeweza kumwambia awahi, au asiingie ndani, alivute kwa mnyororo. Nikajimiminia kahawa.

Dirisha la jikoni linatazama ziwa lote. Nilimwona anaingia. Nikasikia injini inakohoa, inakataa. Kisha mkono wake ukaonekana kwenye kioo, unapunga. Mikono yote miwili.

Saa ya ukutani ilisema kasoro dakika kumi na mbili. Kutoka mlangoni kwangu hadi pale ni dakika tatu ukikimbia.

Kanuni ni kanuni, nikasema. Kwa sauti, nakumbuka.

Nilikaa.

Polisi walikuta milango imefungwa kwa ndani, viti vikavu, hakuna mtu. Walitoboa barafu. Ilikuwa nene kama urefu wa mkono mzima, haina hata ufa. Wanasema Arvid alinikimbia. Nimewaacha waseme.

Mkweche umesagwa chuma chakavu. Sasa naendesha la bluu, na nimelifunga matairi manne ya theluji, mapya. Yanashika barabara vizuri, sitaki kusema uongo.

Jana jioni tulikuwa tunatoka kwa mama, Kaisa ananihesabia nyumba zenye taa. Tulipofika ufukweni hita ikaanza kupuliza baridi.

"Mama," Kaisa akasema taratibu. "Soksi zangu."

Sikuitazama saa. Nilikuwa naisikia pumzi kwenye kiti cha pembeni, nzito, ya mtu niliyelala naye miaka tisa.

"Ulikuwa unaniona, mama Kaisa," ikanong'ona.