Pini Ndani ya Ua

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu hakuna pindo lililomshinda. Suruali ndefu, gauni lililoachia, pazia la dirisha, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vimenyooka. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Sakafu ya chumba hicho haikukosa vipande vya vitambaa hata siku moja.

Kila fundi ana mazoea yake. Mama Pindo alikuwa mtu wa pini. Kabla ya kushona, alishikiza kwa pini. Alishikiza mikono, akashikiza kola, akashikiza mifuko. Hata pazia la mlango wake lilipochanika, alilichoma pini akasema, "Nitalishona baadaye." Hiyo baadaye yenyewe haikufika.

"Mama, ipo siku utanishikiza na mimi ukutani," binti yake alimtania.

"Ukizidi kuzurura nitakushikiza kweli," mama alijibu, pini mbili zimemtokeza mdomoni.

Wiki hiyo wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mama Pindo alimshonea mtoto shali ya sufu. Ilikuwa nyeupe, nene, laini hata vidole vilizama ndani yake. Shali ilikuwa tayari. Kilichomtia hofu ni namna ya kuifunga.

Wifi huyo alikuwa na mdomo. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Mama Pindo alipeleka zawadi ndani ya mfuko wa sokoni. Wifi aliuinua mfuko ule mbele ya wageni, akauliza, "Wifi yangu, umeniletea zawadi au vitunguu?" Watu walicheka wakashika mbavu. Mama Pindo naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

"Mara hii hanicheki," alimwambia binti yake asubuhi hiyo. "Nitamfungia zawadi mpaka akose la kusema."

Aliitandaza shali mezani, akaikunja kwa umbo la ua. Alitengeneza petali moja, akaishikiza pini kwa ndani. Akatengeneza ya pili, akaishikiza. Pini zake zilikuwa nyembamba, hazina vichwa. Zilizama kwenye sufu zikapotea. Alikusudia kuzishona petali kwa uzi, kisha atoe pini zote.

Kabla hajachukua sindano, mumewe alitokea na ndoo yake ya brashi. Yeye alikuwa mpakaji rangi.

"Hiyo zawadi iko tayari? Nitapita kwa dada sasa hivi. Nikichelewa, fundi mkuu atanipaka mimi hiyo rangi."

"Ngoja kidogo."

"Mama Pindo, kidogo yako naijua. Nipe."

Basi, haraka haraka, aliliingiza ua kwenye mfuko mkubwa wa nailoni, ule mwepesi unaoonyesha kilicho ndani. Akaufunga mdomo wake kwa stepla. Ua lilipendeza. Lilikaa ndani ya nailoni kama liko nyuma ya kioo cha duka. Mume alilibeba kwa mikono miwili, akaondoka anapiga mluzi.

Mama Pindo alimaliza kwanza kazi za jikoni, kisha akarudi kwenye cherehani. Alichukua sketi ya mteja, akapima pindo, akapeleka mkono kwenye kile kijimto anachochomeka pini zake. Vidole viligusa kitambaa kitupu.

Mkono ulibaki hewani.

"Mama?" binti yake alimwita. "Mama, una nini?"

"Pini," alisema. "Sikuzitoa pini."

"Pini zipi?"

"Za kwenye ua. Zimo ndani ya shali ya mtoto."

Alichukua simu. Alimpigia mumewe. Iliita mpaka ikakatika. Bila shaka alikuwa juu ya ngazi, simu iko kwenye koti. Alimpigia wifi. Iliita, ikaita. Kisha ikapokelewa.

"Wifi yangu!" wifi alisema kwa furaha. "Leo umeniweza! Ua zima zima! Nimelifungua kwa huruma. Na shali yenyewe ina joto hilo! Nimeshamviringisha mtoto, ila leo sijui ana nini. Analia tu. Nimemnyonyesha hataki, nambembeleza ndiyo kwanza anazidi…"

Nyuma ya sauti ya wifi, Mama Pindo alimsikia mtoto. Kilikuwa kilio chembamba, cha kukatika katika.

"Wifi, mvue! Mvue hiyo shali! Wifi!"

Simu ilikuwa imezimika. Alipiga tena. Haikupatikana.

Mama Pindo alitoka mbio, kandambili mguuni na futi ya kupimia shingoni. Binti yake alimfuata. Walipita kwenye mashine ya kusaga, wakapita kwa fundi baiskeli. Watu waliwauliza kuna nini, hakuna aliyejibiwa. Kandambili moja ilikatika, akaiacha njiani. Njia ya mkato iliwafikisha kwenye lori linaloshusha mchanga. Lilikuwa limeziba uchochoro wote.

"Subirini kidogo, akina mama," utingo aliwaambia.

"Siwezi kusubiri!" Mama Pindo alipiga kelele. Alijibana kati ya ukuta na lori. Tofali lilimchuna kiwiko, hakulisikia. Kila alipofumba macho aliona shingo ya mtoto. Aliona jicho lake. Kadiri wifi anavyombembeleza, ndivyo anavyozidi kumkandamiza kwenye pini.

Kutoka uani kwa wifi, kilio kilisikika. Mama Pindo alishukuru kukisikia, maana anayelia yuko hai. Alipofika mlangoni, kilio kilikatika ghafla.

Alishika fremu ya mlango. Aliogopa kuingia.

"Ingia, fundi," sauti ya mwanamke mwingine ilimwita. "Usisimame hapo, unanizibia mwanga."

Alikuwa mkunga, jirani wa wifi. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuwa amesikia kilio, akaja. Sasa aliketi kitandani, mtoto yuko mapajani pake hana hata uzi mwilini. Mtoto alinyamaza, ana kwikwi. Kwenye paja lake palikuwa na mkwaruzo mwekundu na tone dogo la damu. Shali ilikuwa imetupwa mwisho wa kitanda. Wifi alisimama pembeni.

"Mtoto akilia bila sababu, mvue nguo zote kwanza, umkague," mkunga alisema. "Nimemvua, nikakuta hii." Alionyesha pini moja kwenye kiganja. "Ziko ngapi?"

"Sijui," Mama Pindo alisema. Machozi yalimtoka. "Sikuhesabu."

"Hujui?" wifi alifoka. "Umemletea mwanangu pini, na idadi huijui?"

"Mtamgombeza baadaye," mkunga alikatiza. "Sasa tunataka pini. Msikung'ute hiyo shali, zitaruka. Fundi, fikiri. Ulizichoma wapi?"

Mama Pindo alifikiri, asikumbuke kitu. Lakini mikono yake ilikuwa inajua kazi yake. Aliitandaza shali mezani, mbali na mtoto, akaanza kuikunja upya. Petali ya kwanza. Kila mkono ulipotaka kuchoma pini, alisimama akapapasa hapo hapo. Alitoa pini moja. Petali ya pili, akatoa nyingine. Alikunja ua zima namna hiyo, polepole. Lilikuwa na petali saba. Alipomaliza, pini zilizokuwa kwenye sahani zilikuwa sita, ukihesabu na ile ya mkunga.

"Kila petali pini moja," alinong'ona. "Bado moja."

Mkunga aligeuza nguo za mtoto moja moja. Hakuna. Wifi alipapasa shuka na mto. Hakuna. Binti alipiga magoti akatafuta sakafuni.

"Labda imebaki kwenye ule mfuko wa nailoni," Mama Pindo alisema. "Mfuko uko wapi?"

Wifi alitazama huku na huku. "Niliuacha hapa chini. Bonge alikuwa anauchezea."

Bonge alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Wote walitega sikio. Bonge hakuwa na kawaida ya kunyamaza, ila sasa hakusikika kabisa.

"Bonge?" wifi aliita. "Bonge wewe!"

Binti aliinua kitambaa cha meza. Bonge alikuwa ameketi chini ya meza, amevaa ule mfuko kichwani kama shela ya harusi. Ulikuwa umemshuka mpaka kidevuni. Alipovuta pumzi, nailoni iliingia mdomoni. Alikuwa anaushika kwa vidole, haumtoki. Macho yalikuwa yamemtoka.

Binti hakuuvuta. Aliingiza vidole viwili karibu na mdomo wa mtoto, akaichana nailoni kwa nguvu zote. Bonge alivuta pumzi moja ndefu, kisha akaachia kilio kilichotikisa nyumba.

Wifi alimkumbatia, akaketi naye chini. Wanawake wote walilia. Hata mkunga alifuta macho kwa kiganja. Pini ya mwisho ilikutwa ndani ya ule mfuko, imenasa kwenye kona pamoja na pini za stepla. Ilikuwa karibu na sikio la Bonge.

Baadaye mkunga aliosha mkwaruzo wa mtoto kwa maji safi na sabuni. "Kesho asubuhi mpeleke zahanati wamwangalie," alimwambia wifi. "Kidonda kidogo nacho hukaguliwa." Kisha alimgeukia Mama Pindo, ambaye alikuwa amejikunyata karibu na mlango.

"Fundi, sogea hapa."

"Naogopa hata kumsogelea."

"Kuogopa ni sawa, ila kusikukimbize. Kukusaidie kujifunza. Hiyo shali ni nzuri. Tuifunge upya, tuone."

"Kwa nini tuifunge tena?" wifi aliuliza kwa ukali.

"Ili mkono wake uzoee njia nyingine. Leteni kanga yoyote au kipande cha kitambaa."

Wifi alisita, kisha akatoa kitambaa cha maua. Mkunga alikitandaza, akaweka shali katikati. Alichukua pembe mbili zinazotazamana, akafunga fundo. Akachukua pembe mbili nyingine, akafunga juu yake, akazivuta ncha zikasimama kama majani. Furushi lilipendeza.

"Umeona? Hakuna pini wala stepla. Na kitambaa chenyewe ni zawadi ya pili. Mama atamfutia mtoto, au atajitanda."

"Na kama sina kitambaa?" Mama Pindo aliuliza taratibu.

"Kalenda ya mwaka uliopita haipo ukutani kwako?"

"Ipo."

"Igeuze, upande mweupe uwe juu. Koroga unga wa ngano na maji jikoni mpaka uwe mzito, hiyo ndiyo gundi yako. Ukitaka urembo, kata maua kwenye vile vipande vya vitambaa unavyofagia kila jioni, ubandike. Hata boksi kuukuu la viatu, ukilivika hivyo, hakuna atakayelijua."

"Na shanga? Na vifungo?"

"Kwa mtu mzima, sawa. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hapana. Chochote kinachoingia mdomoni, mtoto atakimeza. Kamba nayo iwe fupi, isizunguke shingo. Na nailoni nyepesi hii msiipe nafasi. Ikija na kitu kutoka dukani, ifunge fundo, iweke juu asikofika mtoto. Na zawadi ya mtoto, mtu mzima aifungue kwanza."

"Hilo la mwisho ni kosa langu," wifi alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilivutiwa na ua, nikavuta tu. Sikupapasa."

Mume alifika mchana, baada ya kuona simu za mkewe. Aliposikia yote aliiweka ndoo chini, rangi imemkaukia kwenye nyusi. "Na mimi ndiye niliyeharakisha," alisema.

Tangu siku hiyo, Mama Pindo alibadilika. Alianza kuhesabu pini kabla ya kazi na baada ya kazi. Pazia la mlango alilishona. Vipande vya vitambaa hakuvitupa tena, alivigeuza maua. Majirani walipoona mafurushi na maboksi yake, walianza kumletea zawadi zao awafungie. Yeye na binti yake walifanya kazi hiyo mezani, na kila aliyeleta aliulizwa swali moja kwanza: "Nyumba inakokwenda ina mtoto?"

Lakini kwa wifi, zawadi hazikwenda. Mama Pindo aliogopa. Alimtembelea, akambeba mtoto, ila mikono mitupu.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, ndipo alipojikaza. Alimshonea kijigauni, akakifunga kwenye kitambaa cha njano kwa mafundo mawili. Alikihesabia pini mara tatu, ingawa hakutumia hata moja. Akampelekea wifi, akampa mkononi.

Wifi alilipokea furushi. Hakusema asante. Alilipapasa kwa viganja vyote viwili, kutoka upande huu mpaka upande ule. Akalikunja, akalibana, akalisugua kwenye mkono wake mwenyewe ulio wazi. Mama Pindo alisimama akimtazama. Hakukasirika. Alisubiri.

Wifi aliinama, akaliweka furushi mapajani mwa mtoto.

"Haya, mama," alimwambia mtoto. "Fungua mwenyewe."

Mtoto alishika ncha ya kitambaa, akaipeleka mdomoni. Hakuna aliyemzuia.