Fungu la Chenga

Kila asubuhi Emerensiana alitua debe lake chini ya dirisha la kinu cha mpunga pale Ifakara, akasema, "Chenga, debe moja," akajaziwa, akaondoka kabla jua halijakaza. Chenga hizo, punje za mchele zilizovunjika, aliziloweka, akazitwanga, akachoma vitumbua vya kuuza Kibaoni. Asubuhi moja ya mwaka 1956 debe lake lilirudishwa tupu.

"Jina lako kwanza, dada," ilisema sauti ngeni.

Watu walikuwa wamejazana, mashine inanguruma, vumbi la pumba limetanda hadi kwenye kope. Dirishani alikaa kijana mwenye shati jeupe, kalamu sikioni.

"Miaka mitatu nanunua hapa bila jina."

"Ndiyo maana daftari lina mapengo. Jina?"

"Emerensiana. Utaweza kuliandika lote?"

"Itanichukua siku kadhaa. Njoo kesho tuendelee."

Wanawake waliokuwa foleni walicheka. Emerensiana alivuta kanga hadi kidevuni, lakini kesho yake alivaa gauni lake la maua ya samawati na kuleta vitumbua viwili ndani ya jani la mgomba.

Karani huyo aliitwa Fridolin. Kiangazi chote walitoka misani njia moja, yeye hatua tano mbele, binti nyuma.

"Unakimbia nini, Bwana Karani?"

"Watu wanatazama, mpenzi."

"Kwani mimi nimeiba?"

Alicheka tu, wala hakupunguza mwendo.

Maneno yalianza. Ikasemwa kwamba chenga ni rahisi kwa sababu karani ana mtu wake foleni. Yakamfikia Bwana Hermenegildi, msimamizi wa kinu.

"Nataka kujua kila kitu kinatugharimu kiasi gani," alimwambia Fridolin. "Mchele, chenga na pumba. Bei zitafuata hesabu yako."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mpunga ni uleule, mafuta ya mashine ni yaleyale, na vyote vitatu hutoka kwa pamoja. Hakuna anayeweza kusema tone lipi la mafuta lilikoboa chenga. Katika kila ratili mia zilizotoka, mchele ulikuwa sitini, chenga ishirini, pumba ishirini. Fridolin alifundishwa chuoni kwamba gharama ya namna hii yaweza kugawanywa kwa uzito, au kwa thamani ya kila kitu sokoni. Kwa thamani, chenga zingebeba kama fungu moja tu katika kumi, maana hakuna anayezinunua kwa bei ya mchele. Kwa uzito, zingebeba fungu moja katika matano.

Alijua kwamba njia ya thamani ndiyo ya haki. Lakini kwa uzito, nani angemsema? Mizani haina mchumba. Akagawa kwa uzito, akatia sahihi.

Jumatatu debe la senti sitini likawa shilingi moja na ishirini.

"Fridolin, kuna kosa," Emerensiana alisema dirishani.

Foleni ilisogea karibu kusikiliza.

"Hakuna kosa, dada. Ndiyo hesabu. Anayefuata."

Aliondoka na debe tupu. Baada ya mwezi meza yake ya vitumbua haikuonekana tena Kibaoni. Shangazi yake Klementina, aliyemlea, hakuwa na namna nyingine.

"Theodori wa Lupiro ameuliza tena. Ni mjane, lakini ni mtu mpole. Una mwingine wa kuniambia?"

"Sina, shangazi."

Fridolin alikuwa kanisani siku padre aliposoma tangazo la kwanza la ndoa hiyo, na la pili. Kabla ya la tatu alimwendea Bwana Hermenegildi, akagawa upya, safari hii kwa thamani. Kisha akapanda baiskeli hadi kwenye kivuko cha Kilombero, njia ya kwenda Lupiro. Emerensiana alikuwa amesimama kati ya magunia na matenga ya samaki, begi mkononi, shangazi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu shangazi, akasogea pembeni kidogo.

"Eme, chenga zimerudi senti sitini. Rudi nyumbani."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia hesabu ilikosewa."

"Ilikosewa?"

Fridolin alitazama watu waliokuwa wakiwatazama. Akashusha sauti. "Niliogopa watasema nakupendelea."

"Wangesema, kisha?"

Abiria walianza kupanda, shangazi akaita. Emerensiana alipanda, akashika ukingo wa kivuko, na maji ya kahawia yakaanza kutanuka kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alipaza sauti, watu wote wakasikia.

"Sikutaka unishushie bei, Fridolin. Nilitaka uwaambie mimi ni wako."