Kioo cha Kinyozi

Rafiki yangu kinyozi alinisimulia haya akiwa ng'ambo ya barabara, maana siku hizi hakuna anayemkaribia mwenziwe.

Wafu walipoanza kutembea, yeye, mkewe na shemeji yake, ndugu wa mkewe, walijifungia saluni, wakaziba vioo vya madirisha na mlango kwa mablanketi mpaka mchana ukawa giza totoro. Sharti lilikuwa moja: anayetoka, akirudi apulizie kioo cha mkono. Mfu hana pumzi, kwa hiyo kioo hakiingii ukungu.

Adhuhuri moja shemeji yake alirudi na ndoo ya maji. Wakampitishia kioo kwenye upenyo wa mlango. Akakishika juani, akapuliza mara tatu, kikabaki kikavu; wakakivuta ndani.

"Dada, ni mimi jamani! Kimepata moto wa jua tu!"

Dada yake huyo huyo ndiye aliyesukuma komeo kuufunga mlango. Wakasikia ndoo ikianguka, miguu ikiburutwa, mayowe, kisha kutafuna.

Kulipotulia, kioo kikiwa kimeshapoa, kinyozi akakipulizia ili ajipe moyo. Kikavu. Mkewe akakipokonya, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kikavu.

Ndipo kinyozi akafunua blanketi la mlangoni. Kwa nje, shemeji alikuwa ameegemea mlango akiwa ametafunwa, na usawa wa mdomo wake kioo cha mlango kilikuwa kinaingia ukungu, kinakauka, kinaingia tena.