Kila Siku Gari Jipya

Fundi wa kushona viti vya magari alikuwa akivuka barabara ya sokoni, robota la vitambaa kichwani, gauni la kijani limemganda mgongoni kwa jasho, alipopigiwa honi hadi akaruka. Kugeuka, ni Mauzo, mchumba wake, kashika usukani wa gari jeupe jipya, tai imemkaza shingo, pembeni yake mwanamke wa miwani.

Mauzo alikuwa muuzaji katika duka kubwa la magari lililotazamana na kibanda cha Fundi. Tangu duka lifungwe kwa ugumu wa maisha, mtaa mzima umepooza: waosha magari wametawanyika, mama wa chai anainywa mwenyewe. Mauzo naye simu hapokei. Lakini jana kaonekana na gari jekundu, juzi la bluu.

"Mpenzi, pisha kidogo, walio nyuma wananipigia kelele."

"Nikupishe uende wapi? Na dada huyu unampeleka wapi?"

"Nitakupigia."

"Kwa simu ipi, hiyo isiyopokelewa?"

Akapisha kwa kuchoka, si kwa kuridhika.

Jioni simu ikalia kweli.

"Moyo wangu."

"Moyo wako umeusahau kwenye gari lipi?"

"Nisikilize basi."

"Nimekusikiliza mpaka masikio yamechakaa. Kazi sina, mchumba simwoni. Kesho nafunga kibanda, naenda kwa dada yangu kushona sare za shule."

Akakata.

Asubuhi alikuwa akiifungua cherehani kutoka mezani, akisonya kila parafujo iliyokataa kutoka, Mauzo alipotokea kwa miguu, vumbi hadi magotini. Mwanamke wa miwani alimfuata akihema.

"Mdogo wangu," alisema mwanamke, "mimi nilikuwa mhasibu wa duka. Magari yasiyonunuliwa benki imeyataka yote kwa deni la duka. Yeye anaendesha kuyapeleka, mimi natia saini. Sasa mchukue mtu wako. Njia nzima ni wewe tu, mpaka kichwa kinaniuma."

Fundi alimgeukia mchumba wake. "Hilo nalo la kuficha?"

"Niliona haya. Ulinizoea muuzaji. Nikasema, nikishajipatia kazi nyingine ndipo nije."

"Mwanamume mzima, unajificha ndani ya gari la vioo."

"La mwisho tumelipeleka leo. Kazi sina. Lakini huko kwa dada yako, hizo sare hazitaki mtu wa kuzipeleka shule kwa shule, kuzinadi?"

Fundi alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Hasira ilikuwepo bado, lakini na miguu ile yenye vumbi aliiona.

"Shika cherehani. Ni nzito, isikuponyoke. Na kwa dada yangu huingii hivihivi. Tunapita kwa mama kwanza, umwambie kwa kinywa chako kwamba unanioa."

"Leo? Na vumbi hili?"

"Mauzo, usinichoshe. Shika upande huo."

Akashika.