Operesheni HP ya Raudha

Taifa na litulie! Jasusi hatari kuliko wote mkoani Pwani alikuwa kazini mchana ule, mjini Kisarawe, silaha mkononi.

Silaha ilikuwa flash ya kuazima.

Jina lake la kificho lilikuwa Popo. Hakupewa na idara yoyote. Alipewa na bibi yake, marehemu Bibi Swaumu, kwa sababu mtoto yule halali na kila kitu anakipapasa.

Mbele yake, juu ya mkeka, alilala mateka: kompyuta ya HP, ya zamani, ya dada yake Raudha, mwalimu wa Maneromango. Betri yake ilishakufa, bila waya wa chaji haiwaki. Na ukiiwasha, unapika chai, unakunywa, ndipo inaamka.

Simu ikatetemeka. Makao Makuu, yaani Adrian, mwenzake wa bweni, aliyekuwa kwao Kibaha kwa likizo.

"Popo, unanipata?"

"Nakupata."

"Usichague kufuta diski, mwanangu. Chagua kuweka Ubuntu, ule mfumo mwepesi, pembeni ya Windows. Mtu akiwasha anachagua mwenyewe. Umefanya bakapu?"

Popo aliitazama skrini. Humo kulikuwa na folda moja iitwayo BIBI: nyimbo za kumcheza mwali, alizoimba Bibi Swaumu muda mfupi kabla hajafariki. Raudha alizirekodi kwa simu ambayo baadaye iliibiwa. Nakala nyingine haikuwepo popote.

"Nimefanya."

Uongo.

Akabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa. Diski ikawa inagawanywa.

Mlango ukafunguka.

Adui.

"Hivi wewe hujaoga mpaka sasa?" alisema mama yake, pasi mkononi. "Baba yako anasubiri kanzu."

Sebule ile ina soketi moja nzima, na kila Ijumaa soketi hiyo ni ya kanzu. Nyumba nzima inajua. Popo anajua.

"Mama, subiri kido..."

Chaji ikachomolewa.

Giza.

Kanzu ikanyooshwa bila haraka. Kola. Mikono. Pindo. Popo alisimama pale kama mtu anayeangalia jeneza linafungwa. Mama alipomaliza, akarudisha waya. Yakatokea maandishi meupe: hakuna mfumo wa kuwasha.

"Makao Makuu, tumepigwa."

"Si una bakapu?"

Popo akaipangusa skrini kwa kiganja.

"Yahya?" Adrian alisahau majina ya kificho.

"Nilikudanganya."

"Aisee! Chomeka flash, anza upya, pembeni ya Windows. Halafu uombe."

Akaanza upya, akaiacha inasaga, akaenda kuomba. Khutba ilihusu amana. Ingehusu nini kingine? Khatibu alionekana kumtazama yeye tu, msikiti mzima.

Aliporudi, skrini ilikuwa na majina mawili: Ubuntu. Windows.

Folda ya BIBI ilikuwepo. Kuifungua hakuthubutu. Kama sauti imekufa, hakutaka awe wa kwanza kujua. Akazima mashine, akavaa miwani ya jua, akaondoka taratibu, mabega juu, kama watu wa kazi hiyo wanavyoondoka.

Mlangoni akagongana na Raudha, vumbi la Maneromango hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona una adabu leo?"

Raudha akaketi, akawasha HP yake, akakunja uso.

"Hii ya kuchagua imetoka wapi?"

"Labda maadui wa kigeni, dada. Siku hizi wanaingia kila mahali."

Raudha alimtazama, akachagua Windows, akafungua BIBI. Popo akashika fremu ya mlango.

Spika ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena.

Kisha ngoma, na juu ya ngoma sauti ya Bibi Swaumu, nzima, ikimwimbia mwali. Popo akashusha pumzi.

Katikati ya ubeti wimbo ukakatika.

"We Popo!" alifoka bibi kutoka kwenye spika. "Toka kwenye kompyuta ya dada yako! Kila siku nakwambia! Haya, tulifika wapi?"

Ngoma ikaendelea. Raudha akageuka polepole, machozi yanamlengalenga, kidole kimeelekea mlangoni.

Jasusi hatari kuliko wote mkoani Pwani alivua miwani. Alifungua kinywa atoe taarifa rasmi, kwamba huyo Popo ni mtu mwingine kabisa.

"Ni mimi, dada," nikasema mimi, Yahya. "Na bakapu sikufanya."